Maduka ya makontena ya Christchurch: uzito unaoning'inia juu ya mpita njia

Jumanne ya Februari 22, 2011, saa 6:51 mchana, watu wa Christchurch, New Zealand, walikuwa wametoka kutafuta chakula. Ndiyo saa ambayo mitaa ya Cashel na Colombo, katikati ya maduka ya mji ule, hujaa watu. Tetemeko la ukubwa wa 6.2 likapiga, karibu sana na mji na karibu sana na uso wa ardhi. Watu 185 walikufa. Kati yao 115 walifia ndani ya jengo moja, la CTV, na 18 ndani ya jengo la PGC. Majengo hayo mawili yamechunguzwa na kuandikwa sana, na ilistahili hivyo. Kisa changu kinaanzia kwa kundi jingine: waliokuwa nje. Watu waliokuwa wakitembea kando ya barabara, na wengine waliokuwa ndani ya basi lililokuwa likipita Colombo, wakaangukiwa na kuta za matofali kutoka juu ya maduka ambayo hata hawakuwa wameyaingia.

Miezi minane baadaye, mahali pale pale, watu walirudi kununua viatu, vitabu na kahawa katika maduka ya chuma yaliyoitwa Re:START. Picha zake zilizunguka dunia kwa sababu ya rangi: kontena jekundu juu ya la bluu, la manjano limepishana na la kijani. Walioandika habari zake wengi walisifu ubunifu na moyo wa watu kutokata tamaa. Mimi ni mtu wa paa na mabati, na ninapoziangalia picha zile jicho langu linakwenda kwenye ukingo wa juu wa ukuta. Pale juu hapana tofali hata moja.

Katika jengo la maduka lililofunikwa lote, ukuta wa nje hauna mazoea na mteja. Anaupita mara moja akiingia, mara moja akitoka. Katika maduka ya wazi mambo yamegeuka. Mteja anaishi nje. Anatembea chini ya ukingo wa paa, anakaa kwenye benchi chini ya bango, anaegemea nguzo akimsubiri mwenzake. Kilichovishwa ukutani na kilichokaa kwenye ncha ya paa kinamhusu yeye kabla ya kumhusu mwenye duka. Kwa hiyo swali la kwanza kwa anayejenga maduka ya namna hii lingekuwa: kila mita ya mraba iliyo juu ya kichwa cha mtu ina kilo ngapi, na imeshikwa na nini?

Maduka ya zamani ya Christchurch yalijengwa kwa matofali bila nondo, mengi mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Mbele ukuta ulipandishwa juu kuliko paa ili duka lionekane refu na la heshima, na bati la nyuma lisionekane. Sehemu hiyo inayosimama peke yake juu ya paa, parapeti, haina kitu cha kuishika nyuma yake. Ardhi ikitikisika, jengo linayumba, na juu huyumba kuliko chini. Parapeti inapigwa mjeledi. Na kwa kuwa upande wa nyuma, pale chini yake, kuna paa linaloizuia kidogo na mbele kuna hewa tupu, mara nyingi inaangukia barabarani.

Hesabu yake ni fupi. Ukuta wa matofali wenye unene wa sentimita 23 una uzito wa takribani kilo 400 kwa kila mita ya mraba. Bamba la chuma la ukuta wa kontena, lenye unene wa milimita 1.6 na migongo yake, halifiki kilo 15. Nguvu ya tetemeko juu ya kitu hutokana na uzito wa kitu chenyewe: kizito huvutwa kwa nguvu, chepesi huvutwa kidogo. Mtikisiko wa nusu ya nguvu ya uvutano unausukuma ukuta ule wa matofali kwa kiasi cha kilo 200 kwa kila mita ya mraba, na tofali linashikwa na chokaa iliyozeeka tu. Bamba la kontena linasukumwa kwa kilo 7 hivi, nalo limechomelewa kingo zote nne. Bati letu la kawaida la geji 28, kama kilo 3 na kitu kwa mita ya mraba, ni jepesi zaidi tena.

Kwa nini makontena

Baada ya tetemeko, katikati ya mji palizungushiwa uzio na askari wakawekwa. Uzio wa mwisho uliondolewa mwaka 2013. Wafanyabiashara walihamia pembezoni, na kila mwezi uliopita wateja walizoea zaidi kutokwenda mjini. Duka kubwa la Ballantynes, lililoanzishwa mwaka 1854 na lililokwisha kupoteza watu 41 kwa moto mwaka 1947, liliweza kutengenezwa na kufunguliwa tena. Lakini duka moja katikati ya vifusi haliiti mteja. Lilihitaji majirani, na majirani wake walikuwa wamebomolewa.

Wenye viwanja na maduka ya Cashel wakaungana, wakapata mkopo usio na riba wa zaidi ya dola milioni 3 za New Zealand kutoka mfuko wa misaada ya tetemeko, na kampuni ya wasanifu ya Buchan Group ikachora. Makontena hayakuwa mageni kwa macho ya watu. Yalikuwa tayari yamepangwa kando ya barabara ya Sumner kuzuia mawe yanayoporomoka kutoka kwenye majabali, na katikati ya mji yalirundikwa mbele ya majengo ya kale kushikilia kuta zilizobaki zisianguke. Mji ulikuwa umeshajifunza kuliamini sanduku la chuma kabla halijawa duka. Oktoba 29, 2011, Ballantynes ikafungua milango, na siku hiyo hiyo maduka 27 ya makontena yakafunguliwa kando yake.

Nguvu ya sanduku, na mahali inapokwisha

Hapa ndipo ningependa mafundi wetu wakae kidogo, kwa sababu kontena linasifiwa kwa nguvu ambayo wengi hawajui iko wapi.

Nenda kwenye kontena lolote, soma kibao cha chuma kilichopigwa mlangoni. Kwenye mengi utaona limeruhusiwa kubebeshwa mrundo wa kilo 192,000. Tani 192! Mtu akisoma hivyo anaamini juu yake anaweza kuweka chochote. Lakini uzito huo unashuka kwenye nguzo nne za pembe tu, kupitia vile vyuma vizito vya pembe vyenye matundu, kontena la juu likiwa limekaa pembe kwa pembe na la chini, kama melini. Paa la kontena hilo hilo hupimwa kwa kilo 300 zilizowekwa kwenye eneo la sentimita 60 kwa 30. Ni uzito wa mafundi watatu au wanne wakiwa na vifaa vyao. Pembe zinabeba meli, na katikati ya paa hapataki zaidi ya wanaume wachache.

Re:START haikupanga makontena yake kama melini. Ya juu yalipishana na ya chini, ncha zikatokeza hewani, zikampa kivuli mtu wa chini na mahali pa kujikinga mvua. Hilo ni jambo zuri kwa maduka ya wazi, na ninalipenda kuliko rangi zote. Ila kontena likipishana, pembe zake hazikai tena juu ya pembe za mwenzake. Uzito unatua katikati ya ukingo wa juu wa lile la chini, na ukingo huo ni bomba jembamba la chuma lililowekwa kufunga bamba, halikukusudiwa kuwa boriti. Pale lazima iingie boriti ya ziada, na chini ya boriti nguzo ya ziada. Asiyelijua hili ataweka kontena juu ya kontena kwa kupishana, atapiga picha, na baada ya miezi ataona milango ya chini haifungi kwa sababu ukingo umelegea.

Kisha kuna kukata. Duka linataka kioo. Re:START ilikuwa na vioo vya urefu wa ukuta mzima kwenye ncha na ubavuni. Ukuta wa kontena wenye migongo si pazia. Ndio unaolizuia sanduku lisilale upande. Ukiutoa ubavu mzima umeondoa mshipi, umebakiza suruali. Dawa yake inajulikana: fremu ya skwea paipu nzito, yaani bomba la chuma la mraba, inachomelewa kuzunguka tundu lote, juu, chini na pembeni, kabla ya kukata na si baada. Nimeona kwetu fundi akianza na grinda asubuhi, fremu ikija kesho yake. Usiku ule mmoja paa lilishuka kiasi cha kidole, na halikurudi tena.

Likikatwa kwa utaratibu na likafungwa chini kwenye msingi, kontena linabaki kitu kimoja. Huo ndio ukweli wa pili juu ya Christchurch. Ardhi ya pale ina mchanga na maji karibu, na mwaka 2011 sehemu nyingi za mji ziligeuka uji chini ya nyumba. Nyumba ya matofali msingi wake ukizama sentimita chache upande mmoja inapasuka. Sanduku la chuma linainama lote kwa pamoja. Unaliinua kwa jeki, unaweka kipande cha chuma chini ya pembe, unaendelea na kazi. Desemba 23 mwaka ule ule, siku mbili kabla ya Krismasi, matetemeko mawili ya karibu ukubwa wa 6 yalipiga tena mchana na watu wakatolewa madukani. Maduka yale ya chuma yaliendelea kufanya biashara kwa miaka sita zaidi.

Bei yake: jua, maji na kutu

Nimesifu, sasa niseme kinachouma. Chuma hupitisha joto mara mia kadhaa kuliko mbao. Christchurch iko nyuzi 43 kusini mwa ikweta na ina baridi kali ya asubuhi na barafu nyeupe kwenye majani. Pumzi za wateja na mvuke wa mashine ya kahawa vikigusa bamba baridi vinageuka matone, na kontena linanyesha kwa ndani. Mabaharia wanaifahamu mvua hiyo. Shehena nyingi za kahawa na kakao zimeharibiwa nayo baharini. Ndiyo maana duka la kontena halina budi kuvishwa ndani: kizuia joto kinachogandamana na chuma bila mwanya, kisha plaiwudi au jipsamu. Ukiacha mwanya kati ya bamba na kizuia joto, hewa yenye unyevu inaingia humo, inatoa matone, na kutu inaanza mahali ambapo hakuna jicho litakaloiona.

Kwetu tatizo ni upande wa pili. Anayeuza vocha au dawa ndani ya kontena Mbagala au Likoni saa nane mchana hahitaji kuelezwa. Kizuia joto cha ndani husaidia kiasi, lakini chuma kimeshameza jua. Dawa iliyo bora ni kulizuia jua lisifike: bati la pili, limeinuliwa juu ya kontena kwa miguu ya skwea paipu, sentimita 30 au zaidi, limetokeza pande zote, upepo unapita katikati. Bati la juu linachemka, kontena la chini linakaa kivulini. Gharama yake ni ndogo kuliko kiyoyozi na bili zake, na lile lililotokeza mbele linampa mteja baraza.

Bati hilo la pili linatibu na maji pia. Christchurch hupata kama milimita 600 na ushei za mvua kwa mwaka, na nyingi ni nyepesi. Dar es Salaam hupata zaidi ya 1,000, na sehemu kubwa hushuka kwa masika kana kwamba mtu amemwaga ndoo. Paa la kontena lina mteremko hafifu mno. Limetengenezwa ili maji yatoke likiwa linasafiri na kutikisika, si likiwa limekaa mahali pamoja miaka kumi huku majani ya mwarobaini yakioza kwenye mabonde yake. Panapotuama maji ndipo panapotoboka.

Makontena hutengenezwa kwa chuma cha aina ya korteni, chenye shaba na kromiamu kidogo ndani yake. Kutu ya kwanza ya chuma hicho hushikamana na kuwa ngozi inayozuia kutu ya pili. Sifa hiyo imewafanya watu waamini kontena haliliwi na kutu. Ngozi ile inahitaji kulowa na kukauka, kulowa na kukauka. Ikikaa na maji muda wote, au ikipata chumvi ya bahari, haishikamani. Inabanduka tabaka kwa tabaka kama maganda ya kitunguu. Kwa hiyo rangi ya kontena si pambo. Na kila mahali ulipokata au kuchomelea rangi imeungua, hivyo hapo ni jeraha: lisuguliwe hadi chuma king'ae, lipakwe praima ya zinki, kisha rangi mbili. Kwa maduka yenye vioo vingi kama yale ya Re:START, urefu wa majeraha hayo ukiyaunganisha ni mita na mita kwa kila sanduku. Mteja haoni kazi hiyo, na ndiyo sababu inarukwa.

Kuhama, kisha kuondoka

Mwaka 2014 wenye kiwanja walitaka kuanza ujenzi wa kudumu, na sehemu ya maduka ikahamishwa kusogea upande wa mto Avon. Kreni ikanyanyua, lori likabeba. Jengo la matofali huwezi kulifanyia hivyo, na hata paa la bati na kenchi za mbao ukilishusha nusu yake inakwenda kuwa kuni. Mwanzoni mwa 2018 yakafungwa kabisa. Mwaka uliofuata likafunguliwa pale soko jipya, Riverside Market.

Wapo waliosikitika, wakitaka makontena yabaki. Nawaelewa, ila kwa maoni yangu yaliondoka kwa wakati wake. Sanduku lenye upana wa mita 2.4 ni jembamba mno kwa duka. Ukishavisha kuta ndani unabaki na mita 2 na kidogo, wateja wawili wakipishana mmoja anasimama kando. Sanduku lilikuwa chombo cha dharura. Lililodumu ni wepesi wake na namna lilivyofungwa pamoja. Wahandisi Michel Bruneau na Gregory MacRae, walipochunguza majengo mapya ya mji ule katika ripoti ya mwaka 2017, walikuta mji uliokuwa wa zege kabla ya tetemeko ukijengwa upya kwa sehemu kubwa kwa fremu za chuma. Hata kanisa la muda lililochorwa na Shigeru Ban na kufunguliwa 2013, lile la mabomba ya karatasi, limetumia makontena 8 kama kuta za pembeni.

Na parapeti? Baada ya tetemeko la Kaikōura la Novemba 2016, serikali ya New Zealand mwaka 2017 iliwapa wenye majengo ya matofali yasiyo na nondo, katika mitaa iliyochaguliwa ya Wellington na maeneo mengine machache, miezi 12 kufunga parapeti na kuta za mbele zinazoelekea barabarani. Haikusema wajenge upya. Ilisema wafunge kile kilicho juu ya watu. Muda ukaongezwa baadaye, lakini mpangilio wa kipaumbele ndio ulionigusa: mpita njia kwanza.

Juu ya fremu zetu

Septemba 10, 2016, tetemeko la 5.9 lilipiga Kagera, na nyumba nyingi za matofali ndani na nje ya Bukoba zikaanguka au kupasuka. Bonde la Ufa halijalala. Hata hivyo, pita barabara yoyote kuu ya Arusha, Mwanza, Mbeya au Dar uangalie safu za fremu za maduka. Bloku za inchi 6 au 5, juu ya milango kuna lenta, ile boriti ya zege, na juu ya lenta ukuta umepandishwa tena mita moja, wakati mwingine zaidi, ili kuficha bati na kupata mahali pa kuchora tangazo la kampuni ya simu. Hakuna nondo ndani yake wala kitu cha kuushika kwa nyuma. Chini yake mama amepanga nyanya, bodaboda wamekaa kivulini. Ni parapeti ile ile ya Colombo, imebadilika jina tu. Na mitindo ya sasa ya nyumba zenye paa lililofichwa inazidi kuipandisha.

Si lazima tulete makontena. Bloku ziishie kwenye ringi bimu, mkanda wa zege unaozunguka juu ya kuta. Juu yake isimame fremu ya skwea paipu, imefungwa kwa bolti zilizozamishwa kwenye zege siku ya kumwaga, si kwa misumari ya zege iliyopigwa baadaye. Fremu hiyo ivishwe bati la geji 28, rangi yoyote mwenye duka aitakayo. Tangazo litakaa vizuri zaidi kuliko kwenye plasta inayopasuka. Upepo ndio adui mpya hapa, maana kitu chepesi hupeperushwa. Basi kwenye kingo skrubu iwe kila mgongo, isiwe mgongo mmoja ndiyo mwingine hapana, na raba zake zisikazwe hadi zikapasuka.

Na mfereji uliojificha nyuma ya ukuta huo, ambao huziba kwa majani na kuozesha dari kimya kimya, ufanyiwe jambo moja ambalo ukuta wa bloku hauruhusu kirahisi: chini ya bati la mbele uachwe mwanya wa sentimita 5 kwa urefu wote, uwe chini kidogo kuliko mdomo wa nyuma wa mfereji. Maji yakizidi yatatoka kwa mbele, juu ya mlango, mwenye fremu atayaona siku hiyo hiyo na kumtuma kijana apande kuzibua.